Jérémie Mugisho na Wale Saba wa Brno

Wapendwa mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Uvira, ndugu wa mjane wetu Concilie mliotoka Gihosha, majirani zetu wa Kinanira, na wewe Mzee Himid uliyefunga duka siku ya Jumamosi ili ukae na sisi hapa makaburini Mpanda: asanteni. Mimi naitwa Béatrice. Ni mdogo wake marehemu, na kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa katibu wa kamati ya misheni ya kanisa letu. Familia imeniomba nisome maisha yake. Nimeandika kwa Kiswahili cha kusoma, ila pale alipozungumza yeye nimeyaacha maneno alivyoyasema, maana nikiyanyoosha hamtamtambua.

Jérémie Mugisho alizaliwa Uvira tarehe 9 Mei 1962, mtoto wa kwanza wa Mzee Mugisho, seremala, na mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa mihogo yake ya kuchemsha pale Bwiza. Mwaka 1964 vita vilipofika Uvira, mama alivuka mpaka na Jérémie mgongoni na randa ya baba ndani ya kapu. Walikuja Bujumbura kwa wiki mbili, ndivyo walivyosema, mpaka mambo yatulie. Bon, wiki mbili hizo zimefika miaka sitini na moja. Mimi nilizaliwa Bwiza mwaka 1966, na baada yangu mama akasema imetosha.

Alianza shule ya msingi hapo Bwiza mwaka 1968, akaingia sekondari mwaka 1974. Masomo hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni ule mdomo wake, kwa kuwa hakuweza kuficha jambo la kweli hata pale ambapo kunyamaza kungemfaa. Likizo ya mwaka 1973 vijana wa mtaa wetu walicheza mpira na vijana wa Buyenzi. Jérémie alikuwa golikipa, na nahodha wetu alikuwa huyu Mzee Himid mnayemwona hapa, wakati huo kijana mwembamba kuliko mwamba wa goli. Mpira ukapita mstari, Jérémie akaudaka kwa nyuma, mwamuzi hakuona. Wenzake walikuwa wameshaanza kukimbia mbele. Jérémie akanyoosha mkono akasema, "Imeingia." Walifungwa moja kwa sifuri. Himid hakumsemesha wiki nzima, na ukimwuliza leo utaona bado ana hasira.

Mwaka 1979, akiwa na miaka kumi na saba, alimpokea Bwana Yesu. Baba alidhani ni homa ya ujana, itapita. Haikupita. Mwaka 1982 aliingia Chuo Kikuu cha Burundi, kampasi ya Mutanga, akasoma kemia mpaka 1987. Huko ndiko alikoanza kukusanya wanafunzi kila Jumamosi, watu kumi, kumi na wawili, wakisoma Injili na kuuliza maswali ambayo wazee kanisani hawakupenda yaulizwe. Aliwaambia wasiogope kuuliza. Baadhi ya wanafunzi hao leo ni wazee wa kanisa, na sasa wao ndio hawapendi maswali.

Kuanzia Oktoba 1987 hadi Juni 2008 alifundisha kemia katika lycée moja, shule ya sekondari ya hapa mjini. Katika miaka ile mibaya ya tisini, mtaa ulipoogopa mtaa mwenzake, alikuwa akifunga darasa, anawasindikiza wanafunzi wake hadi karibu na kwao, wa huku na wa kule, halafu anarudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa akimngoja mlangoni na kumgombeza kila siku. Kila siku alisema, "Pole, mama," na kesho yake akafanya vilevile.

Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na Concilie, binti wa Gihosha, mshonaji na mwimbaji wa sauti ya pili. Walingoja mtoto miaka sita. Tarehe 3 Februari 1998 akazaliwa Orlane. Jérémie alimbeba kutoka hospitali akitembea taratibu mno, hata Concilie, ambaye ndiye aliyejifungua, akawa mbele yake hatua ishirini akimwita aharakishe.

Sasa naingia kwenye misheni, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yangu ya leo.

Mwaka 2007 kanisa dogo la mji wa Brno, nchi ya Ucheki, liliandikia kanisa letu barua. Walikuwa washirika thelathini katika mji wenye vyuo vikuu vingi. Walisema vijana wao hawabishani na Mungu, wamemsahau tu, na wakaomba tuwatumie mtu. Tulicheka kidogo, tukashukuru sana. Sisi tumezoea kuona wazungu wakija na Biblia. Kumtuma wa kwetu kwao kulitufanya tutembee vifua mbele. Jérémie alikuwa na miaka arobaini na sita, kazi nzuri, na nyumba ambayo haijapigwa plasta. Akasema ataenda. Ijumaa tarehe 12 Septemba 2008 tuliwasindikiza uwanja wa ndege, yeye, Concilie na Orlane mwenye miaka kumi. Himid alimletea koti zito lililotoka kwa jamaa zake wa Ulaya. Alimwambia, "Mi dini yako sitaki, lakini baridi isikuue." Wakakumbatiana, wakalia wote wawili.

Huko Brno walikaa katika chumba cha chini cha bweni la wanafunzi. Concilie alifanya usafi katika bweni hilohilo. Jérémie alijifunza lugha yao kwa miaka miwili, na wanafunzi walimcheka, naye akajicheka. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni alipanda hadi jiko la pamoja la ghorofa ya tatu akapika maharagwe. Aliyapika makavu, bila kuloweka. Concilie alimgombeza: maharagwe yasiyolowekwa ni saa tatu motoni, mwanaume gani huyu! Ndiyo hasa alichokitaka. Mwanafunzi anaingia kuchemsha chai, anauliza kuna nini sufuriani, anaambiwa ngoja utaonja. Anangoja. Akingoja anaketi, akiketi anaanza kuzungumza. "Yakiiva haraka," aliniambia kwenye simu, "batakula, batakwenda. Waache bangoje."

Walikuwa wakija wengi kwa kupita, lakini waliokuwa wakikaa mpaka sufuria ikaiva walikuwa saba. Aliwaambia habari za Yesu waziwazi, hakuwaficha. Walimsikiliza, walimbishia, walikula, walikwenda kulala. Mmoja wao, Vojta, katika majira ya baridi ya mwaka wa pili alijifungia chumbani siku tatu hataki kuona mtu. Jérémie alikaa nje ya mlango wake, sakafuni kwenye korido, akimenya viazi na kuzungumza na mlango. Siku ya kwanza mlango haukujibu. Siku ya pili ukajibu neno moja. Siku ya tatu ukafunguka, na wakapika vile viazi vyote, ndoo nzima. Hayo yote alinisimulia mimi kwa simu. Kwenye fomu hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Ndiyo, fomu. Kamati yetu ilitengeneza fomu ya ripoti ya kila miezi mitatu, na niliyeitengeneza ni mimi. Ilikuwa na maswali manne. Moja, mikutano mingapi. Mbili, wanaohudhuria wangapi. Tatu, waliookoka wangapi. Nne, waliobatizwa wangapi. Jérémie aliijaza kwa kalamu, akaituma picha yake kwa kompyuta, nami nikaichapa na kuisoma kanisani Jumapili ya kwanza baada ya sadaka. Swali la pili aliandika: saba. La tatu: hakuna. La nne: hakuna.

Miezi mitatu, hakuna. Miezi sita, hakuna. Mwaka mzima watu walisema "Amina, tuzidi kuomba," na kweli waliomba. Kulikuwa na kina mama waliofunga kila Ijumaa kwa ajili ya wanafunzi wa Brno, wakitaja majina yao hivyohivyo kwa shida. Mwaka wa pili amina zikapungua. Mwisho wa mwaka 2010 mzee mmoja wa kamati, ambaye sitamtaja kwa sababu ameketi pale mbele na amevaa vizuri, aliuliza, "Donc tumemutuma mutu Ulaya kula viazi?" Wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kupanga. Walikubaliana: ripoti ya Januari ikiwa tupu tena, Jérémie arudishwe nyumbani.

Jumapili tarehe 2 Januari 2011 nilisimama mbele na karatasi mkononi. Nilijua kilichoandikwa. Nilimwona yule mzee ametega sikio. Nikamfikiria kaka yangu akikunja koti lake kurudi kama mtu aliyefukuzwa shule. Nikasoma: "Waliookoka, wawili."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa ya kwangu. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikasimama bila kuitwa, mchungaji wa wakati huo akaja kunikumbatia huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyesema tena habari ya kumrudisha. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, lakini sikuenda kusahihisha. Na ukishasoma wawili, ndugu zangu, huwezi kusoma hakuna miezi mitatu baadaye. Wamekwenda wapi? Wamekufa? Kwa hiyo mwaka ule wakawa watatu, mwaka uliofuata watano, hadi saba. Nikaishia saba kwa sababu waliohudhuria ni saba, na nisingeweza kuokoa watu wengi kuliko waliokuja. Mnacheka. Hata mimi nilijiona mwangalifu.

Kaka yangu hakujua. Barua zote za kamati niliziandika mimi, na majibu yote yalifika kwangu. Yeye aliendelea kuandika hakuna, hakuna, hakuna, kila miezi mitatu, kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni, nami nikaendelea kusoma saba.

Mwaka 2013 kina mama wa kanisa waliamua kuwavika watoto wetu wa kiroho. Walichagua kitenge cha buluu na njano dukani kwa Himid, wakampelekea fundi Shaabani wa Buyenzi ashone mashati saba. Vipimo tulikisia. Tulisema wazungu ni warefu, tukaongeza. Mzigo ukaenda na mtu aliyekuwa akisafiri, na karatasi juu yake: Kwa vijana wako saba, kutoka kwa mama zao wa Bujumbura. Jérémie alifurahi mno. Alidhani kanisa limesoma namba ya wanaohudhuria, likawakumbuka. Alhamisi ile aliwagawia jikoni. Wavulana walipotelea ndani ya mashati, wasichana wakayafanya magauni, wakapigwa picha wamesimama kando ya sufuria, wanacheka. Akaituma picha, akaandika, "Waambie mama bote asante sana. Hawa batoto hakuna mutu alishawashonea kitu."

Kanisa likaichapisha kubwa, likaitia fremu, likaitundika ukutani upande wa kina baba. Chini yake tukaandika: MATUNDA YA UCHEKI. Kila Januari tulikuwa na Jumapili ya kuwashukuru. Watoto wa Sunday school walifundishwa kuwanyooshea kidole na kuwahesabu.

Tarehe 30 Juni 2018 Jérémie na Concilie walirudi, baada ya miaka tisa na miezi tisa. Orlane alibaki kumaliza masomo ya uuguzi. Nilikuwa nimepanga kuiondoa ile picha kabla, niseme kioo kimepasuka, lakini mchungaji alinitangulia: aliisafisha, akaizungushia maua. Jumapili ya tarehe 8 Julai kaka yangu aliingia kanisani akiwa amevaa suti, akaiona. Akasogea. Akasoma maandishi. Kisha akageuka kunitafuta kati ya watu, mimi nikaangalia viatu vyangu.

Aliitwa mbele awasimulie habari za wale saba. Kanisa lote lilikuwa limesimama. Nilishika benchi. Nilijua huyu ni mtu aliyesema "Imeingia." Akaenda hadi kwenye picha, akaanza kuwataja mmojammoja. Huyu ni Lukas, alianguka mtihani wa anatomia mara mbili, mkono wake unatetemeka akiwa na woga. Huyu ni Marketa, amempoteza mama yake, anamuuliza Mungu maswali makali kuliko wachungaji. Huyu ni Vojta, anapenda viazi. Akawamaliza wote saba. Hakusema wameokoka na hakusema hawajaokoka. Mwisho alisema, "Nawapenda sana. Musibaache." Kanisa likajibu amina kama paa litang'oka.

Nyumbani, Concilie alikuwa ameandaa mukeke na ndizi. Jérémie hakugusa sahani. Aliniuliza mbele ya mkewe, "Béa, ile fomu nilikuwa naandika nini?"

"Hakuna," nikamjibu.

"Na we ulikuwa unasoma nini?"

Nikamweleza yote, tangu ile Januari. Nikamwambia, "Yaya," ndivyo nilivyomwita kaka yangu, "walitaka kukurudisha. Mi nilikuwa nakulinda."

Alikasirika. Leo sisemi uongo tena, alikasirika sana, na sijawahi kumwona hivyo kabla wala baadaye. Alisimama akatoka uani, akakaa huko hadi samaki akapoa. Aliporudi alisema maneno machache: "Mi sitasema mu fasi yako. Hii ni ya kwako, utasema we mwenyewe." Basi. Hakunitenga, hakuniaibisha. Kesho yake alikuja kwangu kunitengenezea bomba la maji, akaimba akiwa chini ya sinki. Concilie naye hakunitajia jambo hilo hata siku moja, na kuna siku ningependa anigombeze kuliko kuninyamazia vile.

Miaka saba ikapita, na sikusema. Mwanzoni niliogopa kuvuliwa ukatibu. Baadaye niliogopa kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Kila Januari nilisimama nikashukuru pamoja nanyi kwa ajili ya wale saba, na kaka yangu alikuwa ameketi benchi la nne, ameinamisha kichwa. Nilidhani anaona aibu kwa sababu jina lake limetiwa uongo.

Mwezi wa pili mwaka 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Jumatano ilikuwa zamu yangu ya kukaa naye. Himid alikaa naye Jumamosi, wakibishana juu ya lile goli. Asubuhi moja mwishoni mwa Agosti mwaka huu, mashine ikiwa inazunguka, nilipata nguvu ya kumuuliza.

"Yaya, kwa nini hukusema we mwenyewe? Ungemaliza siku ileile."

"Ningesema mi, bangekuchukia we. Ingekuwa habari yako. Bale batoto bangesahaulika."

"Kwa hiyo unaonea jina lako uchungu?"

"Jina gani, Béa? Apana." Akapumzika kidogo, maana kusema kulimchosha. "Sikia. Mbele ya 2011, mama wa kanisa walikuwa banafunga Ijumaa kwa ajili yao. Tangu ile siku ulisoma wawili, nani anabaombea? Hakuna. Munashukuru tu. Ni kama mutu iko mugonjwa, munamupigia makofi ati amepona."

Nilimvutia shuka miguuni.

"Mi na Concilie tunabaombea kila siku asubuhi," akasema. "Sasa mi naenda. Atabaki Concilie peke yake. Saba ni bengi kwa mutu moja."

Ndugu zangu, nililia pale mbele ya muuguzi. Miaka saba nilidhani nimemwibia kaka yangu jina, kumbe nimewaibia wale vijana maombi. Nikamwambia nitasema. Akashika mkono wangu, akatabasamu, akasema, "Sema ningali nasikia."

Jumapili tarehe 12 Oktoba nilikwenda mbele na karatasi ya matangazo. Nilikuwa nimeamua. Nikasoma mazoezi ya kwaya, nikasoma ubatizo, nikasoma mkutano wa kina mama. Nikafika mwisho wa karatasi, nikatazama watu. Nikaketi.

Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa mbili na nusu asubuhi, Jérémie Mugisho alilala usingizi wa mauti nyumbani kwake Kinanira, Concilie akimshika kichwa na mimi nikimshika miguu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi mitano na siku tano. Alikufa kabla sijasema, na hilo nitalibeba.

Ndiyo maana Alhamisi niliipeleka karatasi hii kwa mpiga chapa kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, nakala mia tatu, nisiwe na njia ya kurudi nyuma. Mchungaji aliisoma jana. Alivua miwani, akaniambia, "Mama Béatrice, usome polepole." Basi nasoma polepole. Katika miaka yake tisa na miezi tisa ya utumishi Brno, kaka yangu hakumwongoa mtu hata mmoja, kadiri alivyojua mwenyewe. Aliandika hivyo kila miezi mitatu, mara thelathini na tisa, na kila mara aliandika kweli. Saba waliookoka ni wangu, niliwatunga mimi. Concilie, nisamehe. Orlane, mwanangu, nisamehe. Kanisa langu, nisameheni. Na wewe mzee uliyeuliza habari za viazi, ulikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyekunyima jibu.

Msiseme basi alikwenda bure. Orlane aliwapelekea habari za msiba, na wote saba wamejibu. Marketa aliandika hivi, na Orlane amenitafsiria: "Siamini alichoamini. Nilimwambia hivyo kila Alhamisi kwa miaka mitano, na kila Alhamisi alinipakulia kwanza. Sijui sasa nibishane na nani." Vojta ana mtoto wa kiume. Hakuandika mengi. Alituma tu picha ya mtoto.

Marehemu ameacha mjane, Concilie, mke wake wa miaka thelathini na minne kasoro miezi miwili. Ameacha binti, Orlane, muuguzi, aliyefika juzi. Ameacha mimi mdogo wake, na wapwa watatu aliowafundisha kemia wapende wasipende. Ameacha rafiki yake Himid, wa tangu utoto.

Na ameacha vijana saba, ambao sasa ni watu wazima. Lukas, daktari, ambaye mkono wake hautetemeki tena. Marketa, mwalimu. Vojta, baba wa mtoto mmoja. Tereza, aliyekuwa akiosha sufuria bila kuombwa. Pavel, ambaye hasalimii mtu asubuhi lakini alimbeba Concilie kwenye theluji siku alipoteguka mguu. Zuzana, anayeishi peke yake na hapendi kuulizwa. Ondrej, mdogo wao, aliyewahi kumuuliza kaka yangu mtu anaanzaje kusali, kisha akasema asahau, alikuwa anatania. Kama nimeyatamka vibaya, Orlane atanisahihisha. Hawa ni wafiwa kama sisi. Hawajaokoka, na tumewaacha bila maombi miaka kumi na minne.

Habari yangu mimi iacheni kwanza. Kamati inakutana Jumatano saa kumi, barua yangu ya kujiuzulu iko kwa mchungaji, na mtaniuliza mtakalo. Leo, kabla udongo haujamwagwa, ninaomba mchungaji aje hapa karibu, na kina mama mliokuwa mkifunga Ijumaa mje, tusimame tuwaombee mmojammoja kwa jina, msishukuru, muombe.

Yaya wangu, nimechelewa siku nne. Pumzika mikononi mwa Bwana wako. Tunaanza na Lukas.